Injini ya jetiski imetoka ovaholi: nchi kavu inaunguruma safi, majini inajifunga (Matema)

#1 MtuWaMatema

Wakuu, salaam. Nipo Matema, Kyela, pale Milima ya Livingstone inapoteremka mpaka majini. Naomba mnisaidie kufikiri, mimi nimefika mwisho.

Nina jetiski ya zamani, Yamaha WaveRunner, tu-stroku (injini ya mipigo miwili), silinda mbili, cc 701, kabureta mbili. Niliinunua Dar ikiwa imeshatumika. Pampu ya oili mwenye nayo wa kwanza aliiondoa, kwa hiyo nachanganya oili na petroli kwa mkono. Kazi yake hapa ni kuwatembeza wageni na kuwafikisha Ikombe kwa wafinyanzi wa vyungu. Ila kwangu kubwa kuliko hayo ni hili: upepo wa kusini ukiamka ghafla na kuna mtumbwi umeelemewa, hii ndiyo inayowahi kufika. Mwaka jana tulitoa watu watatu namna hiyo. Ndiyo maana nikiambiwa niiuze chuma chakavu siwezi kusikia.

Silinda ya nyuma ilinoki (pistoni iliganda ndani). Tukashusha injini, nikaipandisha Mbeya mjini kwa fundi (jina sitalitaja, naomba msiniulize). Alichonga bloku, akaweka pistoni ovasaizi na ringi mpya kote kuwili, akabadilisha gasketi na sili zote. Akaiwasha mezani nikiwa nimesimama pale pale. Iliwaka mguso wa kwanza, ikapiga resi bila kusita. Nikalipa, nikaiviringisha kwenye godoro, nikashuka nayo kwa pikapu kupitia Tukuyu hadi nyumbani.

Majini sasa:

Inawaka bila shida. Silensa (mngurumo wa chini bila kuvuta resi) haitulii, mara juu mara chini. Nikipiga resi kisha nikaachia, raundi hazishuki hapo hapo, zinabaki juu kwa muda kama mtu amekanyaga, ndipo zinarudi. Nikivuta hadi nusu inakwenda kwa kujikongoja. Nikipita nusu inakohoa, inajifunga, pua inabaki juu na mkia umezama. Haipandi kabisa juu ya maji.

Plagi ya mbele ni nyeusi kidogo, kawaida. Ya nyuma ni nyeupe kama jivu.

Nimeshabadilisha petroli, nimesafisha kabureta zote mbili, nimeweka plagi mpya, nimeweka chujio jipya. Hali ni ile ile. Msaada wenu tafadhali.

#2 Mzee wa Resi

Mkuu hiyo ni kabureta tu. Ongeza mafuta kwenye skrubu ya raundi kubwa, robo mzunguko kila upande, ujaribu. Usijitese.

#3 FundiUyole

Kabla hujagusa skrubu yoyote nijibu swali moja, maana bila hilo tutazunguka hapa wiki nzima. Inapojifunga, raundi zinapanda lakini chombo hakiendi, au raundi zenyewe zinakataa kupanda?

Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Jetiski haina panga la nje. Ina impela ndani ya bomba, inavuta maji kupitia wavu wa chini na kuyatupa nyuma. Kama impela imelika, au ringi inayoizunguka imekwanguliwa na mchanga, au kuna jani limejiviringisha kwenye shafti, injini itapiga kelele nyingi na chombo kitabaki pale pale. Hapo injini haina kosa lolote. Watu wengi wameshafungua injini nzima kumbe pampu imekabwa na kipande cha nyavu.

Na jambo la pili: hapo mezani Mbeya iliunguruma bila mzigo, sekunde chache. Hiyo haikuambii kitu. Injini ya jetiski nchi kavu ni kama mtu anayetembea bila gunia, huwezi kujua kama mgongo mzima.

#4 MtuWaMatema

Fundi, raundi zenyewe zinakataa. Sauti inakuwa nzito, kama imezibwa pua. Pampu nimeipiga tochi kutoka chini na kutoka nyuma: impela ina kingo nzuri, hakuna uzi wala jani, na nafasi kati yake na ringi haiingizi hata ukucha.

#5 FundiUyole

Basi ni injini. Pampu tuiache.

Ukiwa unajaribu nchi kavu kwa mpira wa maji, fuata mpangilio huu siku zote: washa injini kwanza, ndipo ufungulie maji. Ukimaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime. Ukigeuza, maji yanapanda kupitia ekzosi na kuingia kwenye silinda, na silinda mpya utaanza kuzililia. Na bila maji usizidishe sekunde kumi na tano hivi.

#6 Binti Rungwe

Samahani nachelewa, nimesoma bandiko la kwanza mara mbili. Kuna jambo naona mnalipita.

Kabureta zilitegwa wapi? Mbeya mjini, si ndiyo? Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500. Kaka yetu ameshuka na injini yake zaidi ya mita 1,200 kwa nusu siku.

Mbeya hewa ni nyepesi. Injini ikivuta pumzi moja, inapata hewa kidogo kuliko ambayo ingeipata ziwani, lakini mafuta kabureta inayatoa karibu yale yale. Kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta. Fundi yeyote mwenye masikio atasikia uzito huo, atapunguza skrubu hadi sauti isafike. Kule juu amefanya sahihi. Ukishuka Kyela hewa ni nzito, ya kutosha, na skrubu bado zimebanwa kwa hesabu ya Mbeya. Mafuta yanakuwa machache. Hiyo ndiyo plagi nyeupe.

Baba yangu alikuwa na mashine ya kukoboa kahawa Tukuyu na ya mpunga Ipinda. Kila injini ikihamishwa kutoka juu kwenda chini alikuwa anaisikiliza upya kabla ya kuipa kazi.

#7 MtuWaMatema

Dada, ndaga fijo (asante sana). Hili sikuliwaza hata kidogo, na ni kweli, fundi alizigeuza skrubu mbele yangu akaniambia "sasa imekaa".

Leo asubuhi nimezirudisha kama kitabu chake kinavyosema. Matokeo: imekuwa afadhali kidogo, inafika zaidi ya nusu kabla ya kujifunga. Lakini plagi ya mbele sasa imelowa na ni nyeusi. Ya nyuma bado nyeupe. Na raundi bado zinaning'inia nikiachia.

#8 Mzee wa Resi

Umeona? Nilisema kabureta. Sasa ya mbele punguza, ya nyuma ongeza peke yake hadi plagi zifanane. Kazi imekwisha.

#9 Chenso_Mafinga

Kamwene wakuu. Ndugu wa Matema, nakuomba uzime mashine hiyo na usiiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa.

Mimi si mtu wa ziwa. Nipo Mafinga, natengeneza chenso (misumeno ya injini) za watu wa mbao wa Sao Hill, miaka kumi na tisa sasa. Jetiski sijawahi hata kuikalia. Lakini tu-stroku ni tu-stroku, na maneno yako mawili yamenifanya niweke chakula chini: *raundi zinaning'inia* na *upande mmoja mweupe*. Chenso ikiletwa kwangu na habari hiyo, sifungui kabureta. Naenda kwenye sili za krenki, yaani mipira inayoziba pale shafti kuu ya injini inapotokea nje.

Nieleze kwa nini, kwa sababu fundi aliyelelewa na pikipiki za foo-stroku (mipigo minne) hili halimjii upesi.

Foo-stroku ikiwa na sili mbovu ya krenki, oili inadondoka chini, unaiona, unabadilisha. Tu-stroku inapumua kwa tumbo. Hewa na petroli vinaingia kwanza chini ya pistoni, kwenye krankikesi, ndipo vinasukumwa juu. Kila pistoni ikipanda, tumbo linavuta. Sili ikiwa imechanika au haijakaa, hakuna kinachodondoka. Badala yake tumbo linavuta hewa kupitia pale, hewa ambayo haikupita kwenye kabureta na haikupimiwa mafuta. Silinda iliyo jirani na tundu hilo inapata hewa nyingi kuliko petroli. Inawaka kwa joto kali, plagi inakuwa nyeupe, na ukiachia mkono raundi hazishuki kwa sababu hewa bado inaingia kwa mlango wa nyuma.

Kingine. Pampu ya mafuta ya mashine hizo, kama ilivyo kwenye chenso, haiendeshwi na umeme. Inapigwa na pumzi ya tumbo hilo hilo kupitia kimpira chembamba. Tumbo likivuja, pampu nayo inalegea, na ukivuta resi kubwa mafuta hayatoshi. Ndiyo kukohoa kwako.

Sasa sikiliza sana hapa. Ushauri wa kuongeza mafuta upande wa nyuma peke yake utafanya plagi ziwe na rangi moja, utafurahi wiki moja, kisha itanoki tena. Kwenye tu-stroku petroli ndiyo inayobeba oili. Palipopungua petroli, oili imepungua pia. Skrubu haizibi tundu, na tundu hilo litakua. Nadhani hata kunoki kwa kwanza kulikuja kwa njia hii hii.

Mzee wa Resi sikuvunjii heshima, nimeona michango yako kwenye nyuzi nyingine na unajua pikipiki. Ila hapa tutaua mashine inayookoa watu.

#10 Mzee wa Resi

Sijakasirika. Endelea fundi, nami nasoma.

#11 Mtera_Boti

Nipo Mtera kwenye mashine za boti. Naunga mkono Mafinga, lakini twende kwa hatua. Pima kompresheni (mkandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwanza, ni kazi ya dakika kumi. Injini iwe na moto kidogo, toa plagi zote mbili, kebo zake ziguse chuma cha injini ili koili isiungue, vuta resi hadi mwisho, zungusha stata mpaka mshale usimame. Namba yenyewe si hoja kubwa kama tofauti. Silinda mbili zisiachane zaidi ya asilimia 10.

Na usilinganishe na namba ya Mbeya. Kwa kila mita 300 unazopanda, kipimo kinapungua kama asilimia 3. Fundi akikuambia juu ilikuwa 125, ziwani lazima isome zaidi.

#12 MtuWaMatema

Nimepima: mbele 148, nyuma 144. Mbeya fundi aliandika 128 na 125 kwenye karatasi, naiona hapa.

Moto wa plagi ni wa bluu pande zote mbili. Koili ni moja inayolisha plagi zote, kwa hiyo nadhani kama moto ungekuwa umekosea muda, plagi zote zingelalamika.

#13 Mtera_Boti

Umefikiri vizuri. Pistoni na ringi ni nzima, bloku limechongwa sawa. Fundi wako kwenye kuchonga hana deni. Nenda kwenye kuvuja.

#14 Ntumbi wa Kiwira

Mwagia petroli kidogo kwa bomba la sindano kwenye maungio ikiwa inaunguruma, raundi zikibadilika ndipo panapovuja.

#15 FundiUyole

Usifanye hivyo, ndugu. Ndani ya bodi ya jetiski mvuke wa petroli hauna pa kutokea, na stata ipo karibu. Nimeona mtu amebabuka mikono yote miwili. Mafinga atupe njia ya kupima kwa upepo.

#16 Chenso_Mafinga

Njia ni hii, na haihitaji kifaa cha gharama. Tafuta kipimo cha presha ya damu, kile cha zamani chenye mshale na puto la kuminya. Kinasoma hadi 300. Hiyo 300 ni kama pauni 6 kwa inchi ya mraba, na ndiyo presha inayofaa kupimia tumbo la tu-stroku. Usitumie kompresa ya gereji, itazisukuma sili zitoke kwenye makao yake.

Shusha injini. Toa kabureta, ziba mdomo wa kuingilia. Toa ekzosi, ziba matundu yake. Rudisha plagi. Kimpira cha pampu ya mafuta ndicho utakachoungia kipimo. Kuzibia, kata tyubu ya gari, weka chini ya kibati, bana kwa bolti zake zile zile.

Pima injini nzima kwa pamoja. Usijaribu kutenga silinda, kwa sababu katikati ya krenki vyumba viwili vinapitishiana pumzi kidogo hata injini ikiwa mpya, utaona kuvuja ambako si ugonjwa.

Minya hadi 300, funga kikoki, tazama saa. Ikishuka polepole sana, kwa dakika moja isipoteze zaidi ya 50, ni nzima. Ikikimbia, chukua sabuni ya unga, ikoroge iwe na povu, paka kila ungio. Povu litakuonyesha kwa kidole. Anza na vizibio vyako mwenyewe, mara nyingi ndivyo vinavyovuja.

#17 Dada wa Ipinda

Nasubiri mrejesho. Na mtu akihitaji mashine kabla haijapona? Wavuvi wanajua ipo nje ya kazi?

#18 MtuWaMatema

Wanajua. Tumekubaliana na mwenye boti ya injini ya nje akae tayari jioni. Asante kwa kuuliza.

#19 MtuWaMatema

Wakuu, mrejesho.

Dada yangu ni muuguzi, alikuwa na kipimo cha presha cha zamani nyumbani ambacho mkanda wake umechanika, ila puto na mshale ni vizima. Tumefanya kazi chini ya mwembe, mimi, yeye, na kijana wangu wa dukani.

Mara ya kwanza mshale haukufika hata 100. Povu likaonyesha kizibio changu cha ekzosi, tyubu ilikuwa na kiraka cha zamani katikati. Nikakata nyingine. Mara ya pili ukafika 300. Dada akafunga kikoki, akatazama saa ya mkononi kama anavyofanya wodini, hakusema neno. Mshale ulishuka tunauona, 250, 200, 150. Sekunde kumi na nne ulikuwa sifuri.

Tukapaka povu. Mbele upande wa magneti: kimya. Ungio la nusu mbili za krankikesi: kimya, kila upande. Chini ya kabureta: kimya. Nikapeleka brashi nyuma, pale krenki inapotokea kwenda kwenye kapilingi (kiungio cha shafti ya pampu). Nilikuwa bado sijaondoa brashi povu likaanza kuchemka kama uji. Sehemu moja tu, upande wa chini, urefu wa kama punje mbili za mchele. Kijana aliweka sikio akasema inapiga mluzi.

Tulirudia mara tatu ili nisijidanganye. Mara zote tatu ni pale pale.

Sili ya nyuma. Silinda ya nyuma. Plagi nyeupe.

#20 Chenso_Mafinga

Mungu ni mwema. Fungua, lakini usivute hiyo sili kwa bisibisi kutoka nje. Kwenye aina hiyo sili ina ukingo uliokaa kwenye mfereji, inawekwa krenki ikiwa wazi kisha nusu mbili zinafungwa juu yake. Lazima krankikesi ifunguliwe. Ukifika hapo tazama mambo mawili: ukingo huo umekaa kwenye mfereji wake au umebanwa na chuma, na mle ndani wametumia gundi gani.

#21 MtuWaMatema

Kabla ya kufungua nilimpigia fundi wa Mbeya. Nilikuwa na hasira siku mbili nzima, lakini niliposoma tena bandiko la Mtera kwamba kuchonga kwake hakuna deni, nikaamua kumwambia kwa utulivu: tumepima hivi, povu limetokea hapa. Akakaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Nakuja, usifungue bila mimi." Alipanda basi la alfajiri, saa sita alikuwa Matema.

Tumefungua pamoja. Niwaeleze nilichoona kwa macho yangu.

Sili ya nyuma ina ukingo mwembamba unaoizunguka kama ukingo wa sahani. Robo tatu ya ukingo huo ilikuwa ndani ya mfereji. Robo iliyobaki, upande wa chini, ilikuwa imepanda nje ya mfereji na nusu mbili za krankikesi zikaikandamiza. Imebaki bapa, nyembamba kama karatasi. Kwa kubanwa huko mdomo wa ndani umevutwa upande mmoja, haugusi shafti. Ukipenyeza jani la nyasi kati ya sili na krenki linapita.

La pili ni gundi. Alikuwa ametumia silikoni nyekundu, nene. Iliyozidi ilisukumwa ndani. Kipande kimoja kama mnyoo kilikuwa kimelala hatua moja tu kabla ya beringi ya nyuma. Fundi alikitoa kwa kibano akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu.

Alinieleza bila kujitetea. Maisha yake yote ni pikipiki. Huko sili ya krenki inagongwa kutoka nje mwishoni, baada ya injini kufungwa. Hii aliiweka kwa mkono, akafunga nusu ya juu, akaona imeingia. Hakuipapasa chini.

Pistoni ya nyuma ina mikwaruzo myepesi upande wa ekzosi, ukucha haukwami. Ringi zinacheza huru.

#22 FundiUyole

Mpe mkono wangu fundi huyo. Kuja kwake na kukubali mbele ya mwenye mali ni kitu ambacho wengi wetu hatukiwezi.

Sasa mfungavyo. Futeni silikoni yote, hata kwenye matundu ya bolti. Tumieni gundi nyembamba ya krankikesi, Yamabond au mfano wake, filamu nyembamba tu ya kuonekana kwa shida, isifike ukingo wa ndani. Pakeni grisi kwenye midomo ya sili kabla ya krenki kulala. Papaseni ukingo wa kila sili mzunguko mzima kwa kidole, juu na chini, ndipo nusu ya pili ishuke. Bolti zianzie katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa spana ya kupimia nguvu. Sili zote badilisheni, msibakize ya mbele kwa kuwa ilikuwa kimya.

#23 Binti Rungwe

Naongeza moja. Naona sasa kwa nini kule Mbeya iliwaka vizuri vile. Hewa nyepesi ya juu inaongeza uzito wa mafuta, tundu la sili linapunguza. Viwili vikafutana. Fundi alikuwa anasikiliza injini ambayo makosa yake mawili yamesawazishana, asingeweza kusikia lolote. Ziwani uzito wa juu ukaondoka, tundu likabaki peke yake.

#24 Mzee wa Resi

Dada umenifundisha. Nilikuwa nategemea sikio tu.

#25 MtuWaMatema

Mrejesho wa mwisho, samahani nimechelewa, sili zimechukua siku tisa kufika kutoka Dar.

Tumefunga jinsi FundiUyole alivyosema. Kila mmoja wetu alipapasa sili kwa zamu, fundi, mimi, hata kijana. Gundi tukaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kurudisha injini ndani ya bodi, tukapima tena. Mshale 300. Baada ya dakika moja 296. Baada ya dakika tano ulikuwa 281. Dada akasema mgonjwa huyu aruhusiwe.

Tangi la kwanza nimechanganya oili mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani moja kwa 25, kwa ajili ya kuzoesha. Ya kawaida nitarudi 20 kwa lita. Skrubu zote mbili zipo kwenye kipimo cha kitabu, mbele na nyuma sawa sawa. Siku ya kwanza sikuvuta zaidi ya nusu, na nilikuwa nabadilisha mwendo, sikai kwenye raundi moja. Silensa imetulia. Nikiachia, raundi zinaanguka papo hapo kama jiwe.

Jana jioni tangi la pili, ziwa lilikuwa shwari. Nikatoka mbele ya ufukwe nikielekea Ikombe, nikavuta pole pole, robo, nusu, robo tatu. Palepale ilipokuwa inakohoa ikanyanyuka. Pua ikashuka, mkia ukainuka, tukawa juu ya maji. Fundi alikuwa amekaa nyuma yangu ameshika koti la kuokolea, nikasikia anapiga kelele, sijui alisema nini kwa upepo.

Nilizima nikiwa bado kwenye mwendo, tukavutwa ufukweni, tukatoa plagi hapo hapo. Zote mbili rangi moja, kahawia ya chungu cha Ikombe kilichochomwa vizuri.

#26 Chenso_Mafinga

Nimesoma kwa sauti hapa kijiweni, vijana wamepiga makofi. Baada ya saa kumi za kazi zitoe tena plagi uzitazame, na kaza bolti za kichwa injini ikiwa baridi.

#27 Itungi_Juu

Wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina mashine ya boti tu-stroku ya silinda mbili hapa Itungi, imetoka ovaholi mwezi uliopita. Plagi ya juu nyeupe, nikiachia raundi zinabaki juu. Nilikuwa kesho naongeza mafuta kwenye kabureta ya juu.

#28 MtuWaMatema

Usiongeze, na usiiwashe. Ilete Jumamosi. Vibati na tyubu zilizokatwa ninavyo, tutatoboa vingine kwa ukubwa wa mashine yako. Kipimo dada anacho hadi Jumapili. Njoo na sabuni ya unga.